Tangi la petroli limefukuliwa na shimo linaonekana safi: je, uchunguzi uishie hapo?

Swali

Habari za kazi, ndugu zangu. Kiwanja tunachokishughulikia kilikuwa na tangi la petroli la chuma lililokaa ardhini miaka mingi. Tulipolifukua tulikuta kutu imelitoboa upande wa chini, karibu na mshono, tundu lisilozidi ukubwa wa msumari. Kuta za shimo hazina harufu, lakini sakafuni kuna udongo wa mfinyanzi uliogeuka kijivu na unaonuka kidogo. Maji ya ardhini yako kama mita 5 kwenda chini, na umbali wa mita 60 hivi jirani ana kisima cha maji ya kunywa. Mkandarasi anashauri tuchukue sampuli moja ya sakafuni, tufukie, kazi iishe. Mimi moyo hauniruhusu. Tuchimbe visima vingapi vya uchunguzi, na wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, usifukie. Anza na kisima cha jirani, tena wiki hii, bila kusubiri mengine. Maji yake yapimwe benzini, kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya petroli, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita katika maji ya kunywa. Ikizidi hapo, watu waache kuyanywa, wala wasidhani kuyachemsha ni dawa, kwa kuwa benzini hugeuka mvuke na kujaa ndani ya nyumba.

Visima vya uchunguzi visipungue vitatu, na visipangwe katika mstari mmoja. Mwinuko wa mdomo wa bomba linalotiwa katika kila kisima ukishapimwa, pamoja na umbali kutoka mdomo huo hadi usawa wa maji, pembetatu hiyo ndiyo itakayokuonyesha maji yanaelekea upande gani. Mteremko wa ardhi unaouona kwa macho hukupa dhana tu, na mara nyingine maji hufuata mkondo wa zamani wa mchanga usioonekana juu.

Jibu la pili

Naongeza jambo ambalo limewahi kuniumiza. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo ikifika chini huelea juu yake. Sehemu ya bomba yenye matundu lazima ianzie juu ya usawa wa maji na kushuka chini yake, ili usawa huo ubaki ndani ya matundu majira yote, maji yakipanda na yakishuka. Niliwahi kukabidhiwa kisima ambacho matundu yake yalianzia mita 2 chini ya maji. Majibu ya maabara yalikuja safi mwaka mzima. Tulipochimba kingine hatua tatu kando yake, chombo cha plastiki angavu tulichokizamisha kilipanda na tabaka la mafuta la upana wa kidole, limetulia juu ya maji. Watu walikuwa wamekunywa maji ya eneo lile muda wote huo.

Maji yanapopanda na kushuka hupakaza mafuta kwenye udongo, kwa hiyo kata sampuli za udongo katika ukanda huo pia. Sakafu ya shimo peke yake haitoshi.

Jibu la tatu

Wenzangu wamesema vyema. Mimi naomba mchunge chupa. Maji yajazwe katika vichupa vya kioo vya mililita 40 hadi ukingoni, kisha ukishafunga kifuniko ukipindue kichupa na kukigonga kwa kidole. Ukiona kiputo cha hewa kikipanda, rudia, maana benzini itakimbilia humo na maabara itapima pungufu. Udongo nao usichanganywe kwenye beseni, kosa ambalo bado ninaliona sana; uingizwe chupani mara tu unapotoka ardhini. Vyote viwekwe kwenye barafu.

Muulizaji

Nashukuruni sana. Jirani amekubali, kesho asubuhi tunachukua maji yake. Je, visima tuvipitishe kwenye mfinyanzi ule wa kijivu?

Aliyejibu kwanza

Chimba pembeni ya shimo, si ndani yake, na usitoboe mfinyanzi kabla ya kujua unene wake. Huenda ndio unaozuia mafuta yasishuke zaidi, na keekee ikipita bila kuzibwa vizuri, ninyi wenyewe mtakuwa mmeyafungulia njia. Nafasi inayolizunguka bomba, juu ya matundu, ijazwe bentonaiti, yaani udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuziba, hadi karibu na uso wa ardhi.