Naomba ushauri: kasha la diski nne kwa matumizi ya nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Napiga picha na video za harusi hapa Dar, na kazi za wateja zimetapakaa kwenye diski za nje, kila moja na waya wake. Meza imekuwa kama nguzo ya umeme ya Kariakoo. Nataka kasha moja la diski nne za inchi 3.5.

NAS (kasha la diski la kuunganisha kwenye mtandao wa nyumbani) nimeiweka pembeni, bei imechangamka na mimi nahariri kwenye kompyuta moja tu. Kwa hiyo ni la USB. Kinachonisumbua ni RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Diski nne za TB 4 kwa RAID 5 (aina inayotenga nafasi ya diski moja kwa ajili ya kinga) zinanibakizia TB 12, na moja ikifa kazi zipo. Sawa, ila RAID ikifanywa na kasha lenyewe, siku kasha likiungua diski zitasomeka kwenye kasha la kampuni nyingine? Au nichukue lisilo na RAID, kompyuta ifanye yenyewe? (Nakala ya pili ipo kwa bro Mbagala, najua RAID si bakapu.)

Aliyetumia muda mrefu kwenye joto hili na umeme wa kukatika ghafla, feni zinavumilia? UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika) inatosha?