Kufunga ekzosi mpya kwenye Toyota GT86: bolti zenye kutu, mpangilio wa kukaza na mvumo wa ndani

Mzunguko7400:

Wakuu habari. Gari ni GT86, injini FA20 lita 2.0 isiyo na turbo. Nataka kutoa ekzosi ya kiwandani kuanzia nyuma ya katalitiki (kisafisha moshi) ya pili mpaka mwisho. Mfumo mpya ni stenlesi 304, bomba la kipenyo cha mm 63, vipande viwili: bomba la kati lenye rezoneta (chumba cha kupunguza mvumo), na sailensa ya nyuma yenye midomo miwili. Mbele unafungwa kwa flanji (bapa mbili za chuma zinazobanwa kwa bolti), katikati bomba linachomekwa ndani ya jingine na kubanwa na klampu ya mkanda. Karatasi ya maelekezo haikuwemo.

Nitafanyia kazi juu ya stendi, lifti sina. Bolti za flanji zimekula kutu vibaya. Nizifungueje bila kuzikata? Kukaza naanzia mbele au nyuma? Na kuna njia ya kujua mapema kama itavuma ndani ya gari kwenye mwendo wa barabara kuu? Ningependa pia ule mlio wa kukoroma wa Subaru za zamani, kama sailensa hii inaweza kuutoa.

Spana_14:

Mkuu, stendi zinatosha, ila ziwe nne na gari lipande sawasawa pande zote. Ukiinua nyuma peke yake, bomba litaning'inia kwa pembe isiyo yake na vipimo vyote vitakudanganya. Inua kiasi cha sm 45 ili sailensa ipite chini ya bampa bila kulazimisha. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu, hata kwa dakika moja.

Kutu: pulizia dawa ya kulegeza nati usiku wa kuamkia kazi, rudia asubuhi, na kabla ya kupulizia piga brashi ya waya kwenye nyuzi zinazoonekana. Dawa haipenyi kwenye ganda la kutu. Tumia soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili, kwa sababu kichwa kilicholika kinachubuka haraka. Mwendo ni huu: kaza kidogo mpaka usikie imeachia, ndipo ufungue robo mzunguko, rudisha, fungua tena. Ukivuta moja kwa moja, vumbi la kutu linajikusanya kwenye nyuzi na bolti inakatika. Ikikataa kabisa, pasha nati moto, si bolti, baada ya kufuta dawa yote, maana inawaka. Kumbuka pia tangi la mafuta haliko mbali. Sehemu za nyuma huko usipeleke moto.

Bolti za zamani usizirudishe. Nunua mpya pamoja na springi zake kama kiungo chako kina springi. Gasketi (kizibo kinachokaa kati ya flanji) ya zamani nayo, iwe bapa au ya duara nene, ikishabanwa na kupikwa haibani mara ya pili.

Raba za kuning'inizia zipake maji ya sabuni au silikoni ya kupulizia kisha zisukume kwa koleo la kutolea raba. Oili ya injini au grisi ya kawaida usipake, raba inavimba na kulegea. Sailensa ya kiwandani ni nzito, kwa hiyo iwekee jeki yenye ubao chini yake kabla hujatoa raba ya mwisho.

BombaNyoofu:

Naongezea upande wa kufunga, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Watu wanakaza flanji ya mbele mpaka mwisho, halafu wanakuta midomo imelala upande mmoja na hakuna tena nafasi ya kuirekebisha. Ning'iniza vipande vyote kwanza. Bolti na klampu zishike kwa vidole tu, bomba liweze kuzunguka kwa mkono. Chomeka kiungo cha katikati mm 40 hadi 50. Chini ya hapo kitavuja na kinaweza kuchomoka. Kisha nenda nyuma, pima pengo kati ya kila mdomo na bampa kushoto na kulia, zungusha mpaka yalingane. Baada ya hapo kaza ukianzia mbele kurudi nyuma, na kila hatua urudi kutazama midomo, kwa sababu kukaza flanji kunavuta bomba zima.

Nguvu: bolti ya M10 daraja la 8.8 iliyopakwa grisi ya shaba, Nm 35 hadi 40 zinatosha. Klampu nyingi za mkanda zinataka Nm 45 hadi 55, mtengenezaji akitaja namba yake fuata hiyo. Mpasuko wa bomba la nje (mkato unaoliruhusu kubana) usikae chini ya pengo la klampu. Vikikutana, hata ukaze vipi moshi utatokea hapo. Kama bolti na nati zote ni stenlesi, paka grisi ya nikeli na ukaze kwa mkono. Stenlesi juu ya stenlesi ikizungushwa kwa kasi na mashine inajichoma na kushikana, haifunguki tena.

Kuhusu kugonga: stenlesi 304 inatanuka takriban mm 0.017 kwa kila mita kwa kila digrii ya joto. Bomba la mita 2.5 likipanda digrii 300 linarefuka karibu mm 13. Urefu huo unasukumwa nyuma. Kwa hiyo raba zilizosimama wima gari likiwa baridi zitainama likishapata moto. Zielemeze kidogo mbele wakati wa kufunga. Acha mm 15 hadi 20 kati ya bomba na kitu chochote, hasa kinga za joto na fremu inayoshika difu (gia ya mhimili wa nyuma). Shika sailensa uitikise kwa nguvu juu, chini na pembeni. Ikigusa ikiwa baridi, barabarani itagonga.

Kabla ya kuwasha, futa bomba lote kwa spiriti. Alama za vidole zenye mafuta zikipikwa zinabaki kama madoa ya kahawia.

Desibeli:

Nijibu la mvumo. Injini ya silinda nne inawaka mara mbili kila mzunguko. Mizunguko 2,500 kwa dakika ni 2,500 ÷ 60 × 2, yaani karibu Hz 83. Mawimbi ya namna hiyo yakilingana na ukubwa wa nafasi ya ndani ya gari, masikio yanajaa. Angalia mshale wako wa mizunguko unasimama wapi kwenye gia ya sita kwa mwendo unaoutumia zaidi, upige hesabu hiyo, ndipo usikilize ekzosi kwenye mizunguko hiyo hiyo. Rekodi za gari likiwa limesimama huku mtu anakanyaga mafuta hazikuambii chochote.

Ukiikuta inavuma, dawa ni tawi la bomba lililozibwa mwisho, lililochomelewa ubavuni mwa bomba kuu. Urefu wake ni robo ya wimbi: kasi ya sauti ndani ya moshi ÷ (4 × Hz). Moshi wa digrii 200 sauti inasafiri karibu m 436 kwa sekunde, kwa hiyo kwa Hz 83 unapata m 1.31. Moshi ndani ya tawi hupoa, hivyo anza na m 1.25 uweke kifuniko kinachosogezeka kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Linaweza kukunjwa likapata nafasi. Linaua mvumo wa mizunguko hiyo na ya jirani yake, sauti ya juu halipunguzi. Ukichomelea likiwa garini, toa waya hasi wa betri kwanza.

Mlio wa kukoroma hautoki kwenye sailensa. Zile Subaru zilikuwa na manifodi (sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye injini) yenye mabomba ya urefu usiolingana, hivyo mapigo ya moshi yalifika kwa vipindi tofauti. Manifodi ya kiwandani ya GT86 ina urefu unaolingana. Kuupata lazima ubadilishe manifodi, na hapo unagusa katalitiki ya kwanza na sensa zake. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Mzunguko7400:

Nashukuru sana wakuu. Nimeshafunga, midomo imekaa sawa. Ila ikiwashwa baridi kuna sauti ya tik-tik mbele, baada ya dakika chache inapotea. Taa ya injini haijawaka.

Spana_14:

Flanji ya mbele inavuja. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba tundu, ndiyo maana sauti inakufa. Acha gari lipoe kabisa, liwashe, mtu azibe midomo nusu kwa kitambaa kinene chenye maji huku wewe unapulizia maji ya sabuni kwenye flanji. Fanya haraka kabla bomba halijapata moto. Povu litakuonyesha upande. Ukikuta mstari mweusi wa masizi kwenye gasketi, usiendelee kukaza. Legeza bolti zote, futa nyuso za flanji, weka gasketi mpya, halafu kaza kwa zamu upande huu na ule kidogo kidogo. Flanji iliyokazwa upande mmoja kwanza inakaa mshazari. Ukishatembea kama km 100, liache lipoe na upime tena bolti zote pamoja na ile klampu.

Usiliache hivyo. Moshi unaotokea chini ya sakafu una kaboni monoksaidi, na hewa inayonyonywa kwenye uvujaji ulio karibu na sensa ya oksijeni inaweza kuharibu usomaji wake.