Ulinganisho: kitambaa cha kichwani kinachogeuka mkoba. Leso, kitenge, kikoi, mtandio au kofia ya kamba?

Zuhura_Kisauni

Assalaam alaykum, na habari za mchana kwa wote.

Naomba tulinganishe vitambaa vya kichwani ambavyo mtu anaweza kuvigeuza mkoba akiwa njiani. Natoka kazini mikono mitupu, nashuka Kongowea, naona bamia na ndizi za bei nzuri, na mkoba uko nyumbani. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kila nikisahau mkoba nanunua mwingine, na ile mifuko ya kununua imejazana nyuma ya mlango bila kazi. Kichwani sikosi kitambaa. Nikipata kimoja kinachokaa vizuri na kinachoweza kubeba kilo nne au tano kutoka sokoni hadi stendi, nitashukuru sana.

Nilivyoviona mpaka sasa ni hivi.

Leso ya pamba, yaani kanga, ndiyo ninayoielekea. Kipande kimoja kina upana wa kama sentimita 110 na urefu wa 150, kinatosha kujitanda na kinatosha furushi. Fundo lake linashika. Shida ni ule urefu: ukifunga pembe nne, upande mmoja unalegea na vitu vinachungulia.

Kitenge cha yadi mbili ni imara, lakini kichwani ni kingi mno. Kilemba chake kinapendeza harusini, si kwenye matatu saa kumi na moja jioni.

Kikoi kingebeba hata mawe. Kimefumwa kizito, fundo lake linakuwa nene kama ngumi, na matamvua yananasa kila mahali.

Mtandio wa shifoni ni mzuri kichwani kuliko vyote, na ni dhaifu kuliko vyote ukiwa mkoba.

Halafu kuna hizi kofia pana za kitambaa zenye kamba ukingoni; unaivua, unaigeuza, unavuta kamba, inafunga mdomo na kuwa kimfuko. Zinauzwa sana mitandaoni. Nani anayo, na inabeba nini?

Fundi_Majengo

Dada Zuhura, nianzie kwenye uzi maana ndiyo kazi yangu. Watu huchagua kwa rangi, lakini kinachoamua kama kitambaa kitakuwa mkoba ni jinsi kinavyojishika chenyewe. Pamba ina nyuzi zenye manyoya madogo. Uso wake hautelezi, kwa hiyo fundo linazidi kukaza kadiri mzigo unavyovuta. Tena pamba ikilowa inaongezeka nguvu. Poliesta ni laini kama kioo, fundo lake linateleza polepole hata usijue, unashtukia nyanya zimemwagika. Reyoni ndiyo ya kuogopa: inavutia mkononi, inafanana na pamba, lakini ikilowa inapoteza nguvu nyingi. Ukiweka samaki wenye barafu humo unajitafutia balaa.

Kwa kujua ukiwa dukani, vuta uzi mmoja pindoni uuchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha majivu mepesi. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Muombe mwenye duka kwanza.

Jambo la pili ni kanji. Leso mpya imetiwa kanji hadi inasimama. Mafundo yake hayakazi, yanafunguka yenyewe. Ifue kwanza kwa maji ya baridi, peke yake kwa sababu inachuja, ndipo uitegemee kwa mzigo.

Na fundo lenyewe. Chukua ncha ya kulia, ipitishe juu ya ya kushoto, kaza. Ncha ile ile sasa iko kushoto. Ipitishe tena juu ya ile ya kulia, kaza. Fundo litalala bapa, na ncha mbili zitatazama pande mbili sambamba na mkoba. Zikisimama moja juu na moja chini umelikosea, na hilo huteleza. Kulifungua hakuhitaji meno: shika ncha moja na kamba yake upande ule ule, zivute zinyooke, fundo litatoka.

MamaDoti_Tanga

Zuhura mwanangu, umeuliza vizuri lakini kuna jambo umelipita. Ukivua leso kichwani uiweke bamia, kichwa chako utakifunika na nini? Sisi tunaojistiri hatuwezi kuanza kujitanda na kujitandua sokoni.

Jibu liko kwenye doti. Kanga haiuzwi moja, ni jozi, vipande viwili vilivyoshikana, unavikata na kuvipinda mwenyewe. Moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Mimi nikienda soko la Mgandini nina ya kichwani, na ya pili nimeizungusha mabegani au kiunoni juu ya gauni. Ya pili ndiyo inayobeba. Ya kichwani haiguswi. Ukishazoea hivyo huna haja ya kitambaa kimoja cha kufanya yote, na wala mtu haoni kama umebeba chochote cha ziada.

Pia kuna kata. Kama mzigo ni ndoo au kapu zito, kanga ya pili unaisokota kama kamba, unaizungusha duara, unaiweka utosini, mzigo unakaa juu yake. Kilo tano mkononi kwa mwendo wa nusu saa zinakata vidole. Kichwani juu ya kata huzisikii. Vijana wa siku hizi mnafikiria mkoba wa kuning'iniza tu.

Zuhura_Kisauni

Shikamoo mama. Hilo la doti limenifungua macho, maana ile leso ya pili huwa naiacha kabatini. Nilikuwa nikifikiria kuvaa mtandio chini na leso juu, lakini kwa joto la Mombasa sijui.

MamaDoti_Tanga

Marahaba mwanangu. Kofia nyembamba ya ndani ya pamba inatosha, hata leso ikisogea nywele hazionekani. Mitandio miwili kwa jua hili utazimia.

Neema_Bukavu

Jambo kwenu nyote. Dada Zuhura, kitenge umekihukumu haraka. Huku kwetu Bukavu mama anakwenda soko la Kadutu na kitenge kichwani, na anarudi nacho mgongoni kimejaa mihogo. Wewe umekiona kikubwa kwa sababu unakizungusha chote. Kikunje kwanza kwa marefu mara mbili, ndipo ufunge kichwani. Hapo ni kilemba kidogo tu.

Faida ya yadi mbili ni huo urefu. Ni kama sentimita 180. Unaweka vitu katikati, unakunja pande ndefu juu yake, unapitisha ncha moja juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, unafunga kifuani. Mikono yote miwili iko huru, na mzigo umelala mgongoni palepale anapokaa mtoto. Leso yenu ya sentimita 150 kwa mtu mnene haifungi hivyo vizuri, pindo zinabaki fupi.

Lakini chagua kitenge cha kweli. Ukigeuza upande wa ndani uone rangi imepenya sawasawa pande zote mbili. Kile ambacho nyuma ni cheupe kimechapwa juu tu, na mara nyingi pamba yake ni hafifu.

Fundi_Majengo

Nakubaliana na dada Neema kwa mzigo wa mgongoni. Kwa mkoba wa mkononi bado naipa leso, kitenge kinaburuta.

Hamisi_Boda

Mimi ninatumia ile skafu ya mviringo ya kunyumbuka, tunayovaa shingoni na kuipandisha puani kwa ajili ya vumbi. Inakaa kichwani chini ya helmeti, inafuta jasho. Nikitaka mfuko nafunga fundo chini, juu nabaki na mdomo. Inabeba simu, chaja, chapati nne. Maembe hapana: inavutika hadi magotini. Kwa kitu kidogo ni safi, kwa soko sahau.

Asha_Chiba

Salaam jamani. Ninasoma Japani, na huku hili jambo lina jina na wana vipimo vyake. Kitambaa cha mraba cha kufungia vitu wanakiita furoshiki. Kinauzwa kwa saizi: sentimita 50 kwa sanduku la chakula, 70 kwa zawadi, 90 au zaidi ya 100 kwa mkoba wa sokoni. Mwaka 2006 Yuriko Koike, akiwa waziri wa mazingira, alikipigia debe hadharani ili watu wapunguze mifuko ya plastiki. Cha kichwani ni kingine, chembamba na kirefu, tenugui, kama sentimita 35 kwa 90, na ukikikunja na kukishona kidogo kinakuwa kimfuko cha pembe tatu.

Nawaletea namna moja ya kufunga inayofaa kabisa kwa leso, mradi iwe mraba. Kunja sentimita 40 za urefu kuelekea ndani ubaki na 110 kwa 110. Tandaza upande mzuri ukiwa juu, kisha kunja pembetatu, upande mzuri ukifichwa ndani. Ncha mbili za mwisho wa mkunjo, kila moja ipige fundo peke yake, urefu wa kiganja kutoka nchani. Geuza ndani nje, mafundo yapotee ndani. Zimebaki pembe mbili huru juu. Zifunge pamoja kwa lile fundo la Fundi. Hapo una mkoba wa begani wenye tumbo na mdomo unaojifunga kwa uzito wake. Lile tatizo la vitu kuchungulia linakwisha.

Fundi_Majengo

Asante dada Asha. Mimi ningeenda mbali zaidi: kata hizo sentimita 40, pinda, baki na mraba wa kudumu. Kipande kinachobaki kinatosha kilemba cha mtoto.

MamaDoti_Tanga

Fundi, usiikate kanga ya watu! Ukiikata unakata pindo, na jina, yale maandishi yake, linahama pembeni. Kanga ina pindo nne, mji ule wa katikati, na jina. Ukiondoa kimoja umebaki na kitambaa tu. Ikunje kama binti alivyosema.

Kulwa_Morogoro

Naitetea kofia ya kamba, maana naona hakuna aliyeijibu. Nashinda shambani. Leso inafunika nywele lakini haileti kivuli usoni wala shingoni. Kofia pana inaleta. Saa sita mchana nikichuma pilipili naivua, naivuta kamba, ninaijaza, narudi kivulini. Haihitaji kujua mafundo, na ukiwa na jasho mikononi hilo ni jambo kubwa.

Fundi_Majengo

Ndugu Kulwa, kwa kivuli hauna mpinzani. Ila tumwambie Zuhura ukweli wa ujazo. Kichwa cha mtu mzima kina mzingo wa kama sentimita 58, yaani upana wa sentimita 18 hivi. Kina cha kofia ni sentimita 10, ukiongeza ukingo uliosimamishwa labda 17. Piga hesabu: ni lita nne na ushee. Pilipili sawa, mkungu wa ndizi hapana. Na bei ya kofia moja nzuri inakununulia doti. Tena kagua mshono unaounganisha ukingo na kofia. Umeshonwa kwa ajili ya kukaa kichwani, haukushonwa kuning'inia. Ukitaka kuibebea mzigo, urudie mshono mara mbili kabla haujafumuka.

Kulwa_Morogoro

Sawa fundi. Sibebei mkungu.

Zuhura_Kisauni

Nimeamua ni leso, ile ya pili ya doti, kwa njia ya Asha. Jana jioni nilibeba nazi, bamia na sukari kilo mbili hadi Kisauni na fundo halikusogea. Bega halikuniuma kama mkoba wa kamba nyembamba, kwa sababu leso imetanuka begani.

Nilijaribu pia ile ya mikono miwili, pembe mbili za kushoto pamoja, mbili za kulia pamoja. Hiyo ni ya haraka kuliko zote, ila niliona jina limesimama kichwa chini. Wenye kunitazama hawakuweza kulisoma.

MamaDoti_Tanga

Lakini wewe uliyelibeba ukiinamisha macho unalisoma sawasawa, maana ukingo wa chini wa leso ndio umekuja juu, upande wako. Chagua jina unalotaka kulisoma wewe njiani.

Neema_Bukavu

Dada, na samaki je? Leso uliyobebea sambaza, wale dagaa wetu wa Ziwa Kivu, huwezi kuirudisha kichwani.

Zuhura_Kisauni

Hilo ndilo swali langu la mwisho kwa wote. Harufu.

MamaDoti_Tanga

Samaki hawaingii kwenye kanga ya kujitanda, hata waoshwe. Samaki ni kikapu cha ukili, na chini unatandika majani ya mgomba. Ikitokea imeguswa, loweka usiku kucha kwenye maji ya ndimu, asubuhi ifue kwa sabuni, ianike juani hadi ikauke kabisa. Halafu iwe ya mizigo moja kwa moja. Weka alama pembeni kwa uzi mweupe, usije ukaikamata gizani alfajiri ukaenda nayo msibani.

Fundi_Majengo

Ukipita kwangu nakutilia huo uzi, pamoja na vitanzi viwili vidogo kwenye mstari wa mkunjo ili ule mraba ukae bila kukatwa. Mama Tanga asikasirike.