Siku moja Tucson: basi la watalii, mwongozaji binafsi au gari la kukodi?

Mtoto_wa_Tanga: Wakuu, heshima kwenu. Wageni wangu wana siku moja tu Tucson, Arizona. Kuna basi la pamoja la masaa manne, kuna mwongozaji binafsi mwenye van, au nikodi gari niwaendeshe. Wanataka San Xavier (kanisa la kale), Desert Museum (makumbusho ya wanyama na mimea ya jangwani) na lile kombora la nyuklia la Titan, makumbusho yaliyo chini ya ardhi. Nichukue lipi?

Shemeji_AZ: Mwezi gani? Wangapi? Kuna mzee? Bila hayo tunapiga ramli.

Mtoto_wa_Tanga: Samahani. Watano, mwisho wa Juni. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua.

KijitiKikavu: Juni usicheze, mchana ni nyuzi 38 na zaidi. Basi la pamoja sahau, masaa manne hayatoshi sehemu hizo tatu. Chukua mwongozaji, ila ratiba ipange wewe. Kuna kundi lilipangiwa San Xavier asubuhi, Titan mchana, Desert Museum saa tisa alasiri. Titan iko kusini, kama kilomita 40 kutoka mjini. Desert Museum iko magharibi, nyuma ya milima. San Xavier ndiyo ipo njiani kwenda kusini. Kwa hiyo wakazunguka juani siku nzima. Titan unaingia kwa zamu uliyokata tiketi. Walichelewa, wakasubiri zamu nyingine. Kufika Desert Museum, ambayo karibu yote iko nje, wanyama wamejificha vivulini na watoto wanalia. Geuza: Desert Museum inapofunguliwa tu, halafu Titan, halafu kanisa.

Mama_Chapati: Kwa magoti hayo, Titan ni ngazi 55 kushuka na 55 kupanda. Pigeni simu kabla ya kulipa, muulize wanamsaidiaje asiyeweza ngazi. Warefu wanapewa kofia ngumu, mabomba ya darini yapo chini chini.

Shemeji_AZ: Mimi nasema gari la kukodi. Saguaro National Park ni dola 25 kwa gari, siku 7, upande wa mashariki na wa magharibi. Mama anaona dungusi (cactus) akiwa kwenye gari lenye kiyoyozi.

KijitiKikavu: Na Gates Pass, ile njia ya milimani kwenda Desert Museum, nani ataendesha? Kona kali, mteremko.

Shemeji_AZ: Si lazima. Pita Ajo Way, ukunje Kinney Road. Magari marefu ndiyo njia yao hiyo.

Mwana_Bukavu: Barabara ya I-19, ya kwenda kusini kwa Titan, vibao vya umbali ni vya kilomita, musishangae. Mukishuka mpaka Tubac, mji ulio kusini zaidi, kurudi kuna kizuizi cha Border Patrol, askari wa mpakani. Kila mgeni abebe pasipoti yake, si picha kwenye simu.

Shemeji_AZ: Ukienda Titan hufiki huko, ndugu. Kizuizi kiko kusini zaidi.

Mwana_Bukavu: Nimesema mukishuka mpaka Tubac. Soma vizuri.

Mama_Chapati: Chakula je? Hot dog ya Sonora huviringishwa bekoni, nguruwe hiyo. Nje ya San Xavier Wa-Tohono O'odham, wenyeji wa asili wa huko, huuza mkate wa kukaanga, kama andazi pana lisilo na sukari. Uliza kwanza wanakaangia mafuta gani.

Mtoto_wa_Tanga: Mama kasikia ngazi 55, anasema kombora tuliangalie picha. Wengine hawakubali, wanataka kwenda. Mwongozaji naye hajanijibu kama bakshishi imo kwenye bei.

KijitiKikavu: Kwa kawaida haimo. Weka asilimia 15 hadi 20.

Shemeji_AZ: Ndiyo maana nasema gari la kukodi.