Mashine moja ya saizi zote au mbili za saizi moja moja?

MtindiNjoro: Wadau, hamjambo. Tunatengeneza yogati huku Njoro, na Ijumaa natakiwa kulipa dipoziti. Kuna mashine inayojaza vikombe vya ml 150, 250 na 500, unabadilisha midomo ya kumiminia tu. Ama nichukue mbili ndogo, kila moja na saizi yake. Bei zinakaribiana. Nishaurini.

Fundi_Lanet: Lita ngapi kwa siku? Unabadilisha saizi mara ngapi? Bila hayo tunabahatisha.

DadaKibos: Chukua mbili! Sisi hapa Kisumu tulinunua ya saizi zote. Muuzaji aliapa kubadilisha ni dakika 20. Siku ya kwanza tulimaliza masaa matatu. Fungua midomo, osha, rudisha, halafu kikombe cha kwanza kinafurika, cha pili kinafika nusu. Nilikuwa napima kimoja kimoja kwenye mizani, vibarua saba wamesimama, yogati inakaukia kwenye mkanda. Oringi moja, kile kipete cha mpira cha kuzuia kuvuja, ikatumbukia kwenye mfereji wa sakafu. Spea tuliingoja wiki mbili, na maziwa ya wakulima tukayarudisha.

Mzee_Section58: Pole sana binti yangu, lakini hapo kilichokosekana ni maandalizi. Shigeo Shingo, mhandisi wa viwanda wa Japani, alifundisha hivi: kazi inayoweza kufanywa mashine ikizunguka, ifanywe mapema. Alilenga kubadilisha kuishe chini ya dakika 10. Nunua seti mbili za midomo, moja ikae imeoshwa. Ona Henry Ford wa magari: aling'ang'ania gari moja, Model T, na mwaka 1927 alipohamia Model A kiwanda kilisimama miezi kadhaa.

DadaKibos: Mzee wangu, gari linangoja. Maziwa hayangoji.

MtindiNjoro: Samahani, nilisahau. Lita 600. Shule zikifunguliwa oda ni za ml 150 tupu, zikifungwa maduka yanataka 500.

Fundi_Lanet: Kumbe! Basi unabadilisha kwa msimu, si kila siku. Ukinunua mbili, moja italala likizo nzima na mkopo unaulipa. Lakini hiyo moja ikiharibika, kila kitu kimesimama. Stima huko ikoje?

MtindiNjoro: Inapotea karibu kila wiki.

Mzee_Section58: Basi jenereta kwanza, mashine baadaye.

DadaKibos: Jenereta kwa yogati ya lita 600 tu? Dizeli itakumaliza. Weka sola.

Fundi_Lanet: Sola haiendeshi kompresa hivi hivi. Ni kilowati ngapi?

MtindiNjoro: Nitaangalia kibandiko kesho. Na oringi Nakuru mjini zinapatikana wapi?