Naomba ushauri: mpango wa lishe na mazoezi shuleni unanishinda, Ijumaa natakiwa kujieleza

Mwalimu wa Zamu (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Nafundisha shule ya msingi yenye watoto 412. Mwanzoni mwa muhula nilikabidhiwa mpango wa lishe na mazoezi wa shule nzima, nikaupokea kwa mikono miwili, maana nimeona watoto wanavyohema kwa kupanda ngazi tu. Tulianza vizuri. Kila siku dakika 15 za kukimbia mara baada ya chakula cha mchana. Duka la shule haliuzi tena soda wala peremende. Kila darasa lina bango la makundi ya vyakula.

Sasa ni wiki ya sita na mambo yamegeuka. Wazazi wanalalamika, walimu wenzangu wananikwepa, na wiki iliyopita mtoto mmoja alianguka uwanjani katikati ya mbio. Alizinduka haraka, yuko salama. Mwalimu mkuu anataka maelezo yangu Ijumaa. Swali langu ni moja tu: nihamishie mbio asubuhi au nizipunguze? Usingizi sipati.

Kocha Mstaafu
Usipunguze hata dakika moja! Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujituma hadi moyo uende mbio, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi makali, yakiwemo ya kuimarisha misuli na mifupa. Si lazima ziwe za mfululizo. Hizo 15 zako ni robo tu ya safari.

Nilikuwa na kijana aliyejificha chooni kila kipindi cha michezo. Nilimtafuta mwezi mzima kwa ukali, sikufanikiwa. Siku moja nikamkabidhi filimbi na saa, nikamwambia awe mtunza muda. Wiki ya tatu alikuwa anakimbia kando ya wenzake ili awaone vizuri wanapomaliza.

MamaWawili
Tatizo ni sisi wazazi. Mtoto anashinda kwenye simu, anakula akiangalia simu, analala na simu, halafu tunategemea mwalimu mmoja afanye miujiza kwa dakika 15. Tuanzie nyumbani jamani.

Mpishi wa Mia Nne
Mimi napikia shule, nakujibu kwa ninachokiona kwenye ndoo ya mabaki. Mchezo ukiwa baada ya chakula, mtoto anakula huku macho yako dirishani. Akisikia mpira umeanza kudunda, anameza vijiko vitatu, sahani anaiacha. Mboga na matunda ndivyo vinarudi. Tulipogeuza ratiba, wakacheza kwanza ndipo wale, ndoo ilipungua wiki hiyo hiyo. Nilisoma pia kuhusu shule za Utah kule Marekani zilizofanya hivyo, ulaji wa matunda na mboga ukapanda kwa asilimia 54. Wacheze kwanza, wanawe mikono, wale bila kukimbizwa.

Mjumbe wa Bodi
Mmesahau maji. Umeondoa soda, umeweka nini? Katika shule za msingi za Dortmund na Essen, Ujerumani, waliweka mabomba ya maji ya kunywa pamoja na masomo machache kuhusu maji. Ndani ya mwaka mmoja wa shule, uwezekano wa mtoto kuwa na uzito uliozidi ulikuwa chini kwa asilimia 31 ukilinganisha na shule zisizowekewa. Kwetu bodi ilibishana muhula mzima juu ya rangi ya mabomba, lakini yalipofungwa, foleni ilikuwa kubwa kuliko ya dukani.

Muuguzi wa Watoto
Mwalimu, pole. Kuna kitu hakijakaa sawa. Mbio ni baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo huyo mtoto alitakiwa awe ameshiba. Alikuwa amekula?

Mwalimu wa Zamu
Hakuwa amekula sana. Kuna watoto wanachagua chakula, mnawajua. Turudi kwenye suala la asubuhi au mchana.

Muuguzi wa Watoto
Hakula siku hiyo tu, au ni zamani?

Mwalimu wa Zamu
Rafiki yake anasema ni kama wiki tatu. Alikuwa anagawa chakula chake.

Muuguzi wa Watoto
Wiki tatu zilizopita mlifanya nini hapo shuleni?

Mwalimu wa Zamu
Tuliwapima uzito na urefu, kama mipango mingi inavyofanya. Matokeo yakabandikwa kwenye mlango wa kila darasa, kuanzia mwepesi hadi mzito. Nia yangu ilikuwa wahamasike, kama tunavyobandika matokeo ya mtihani. Huyo binti jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha ya darasa lake.

Kabla hamjanishukia: siwezi kuboresha kitu nisichokipima. Na mzazi ana haki ya kujua. Nimeshaandaa barua kwa kila nyumba, zimechapwa zote 412, zina hesabu ya BMI (kilo za mtoto gawanya kwa urefu wake kwa mita, mara urefu huo huo) na neno moja: mwembamba, sawa, au mnene. Zinatoka Ijumaa mchana. Karatasi zimeshalipiwa na wasimamizi wa mpango wanataka takwimu.

Dereva wa Basi
Mwalimu, mimi nina miaka 47 na kilo zangu zikibandikwa mlangoni nahama shule na basi naliacha hapo hapo.

MamaWawili
Nimeondoa maneno yangu ya juu. Mlangoni? Mtoto anausoma mlango ule kila anapoingia na kila anapotoka!

Muuguzi wa Watoto
Ahsante kwa kusema. Huyo binti ana miaka mingapi, na vipimo vyake vikoje? Na hayo maneno matatu umeyapata kwenye jedwali gani?

Mwalimu wa Zamu
Miaka 12, kilo 46, urefu mita 1.54. Jedwali ni lile la kawaida: chini ya 18.5 mwembamba, 25 kwenda juu mnene.

Muuguzi wa Watoto
Hilo ni jedwali la watu wazima. Mtoto hapimwi hivyo. BMI yake inabadilika kadiri anavyokua, ndiyo maana inasomwa kwa umri na jinsia, kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007 la miaka 5 hadi 19. Mtoto wa miaka 10 mwenye 16.8 yuko katikati kabisa, mzima. Barua yako inamwita mwembamba. Chungulia hizo barua, naamini nyingi zinasema hivyo, na wale wachache waliozidi kweli zinawaambia wako sawa.

Sasa binti. 46 gawanya kwa 1.54 mara 1.54 ni 19.4. Kwa miaka 12 hiyo ni afya. Bila shaka ni mrefu kuliko wenzake, maana wasichana huanza kurefuka kwa kasi mapema kuliko wavulana. Alikuwa wa mwisho kwenye orodha kwa sababu ya urefu.

Kuhusu barua zenyewe: California walifanya utafiti katika shule 79, mwaka 2014 hadi 2017. Kuwapelekea wazazi taarifa za BMI hakukubadilisha uzito wa watoto waliozidi. Na watoto waliopimwa shuleni walizidi kutoridhika na miili yao. Unachotakiwa kupima ni shule: dakika za mchezo, maji yanayonyweka, mboga zinazorudi jikoni.

Sidanganyiki
Samahanini, mimi huu uzi siuamini. Watoto 412, mwalimu mmoja, hata kwa dakika moja kila mtoto ni karibu saa saba za kupima bila kupumzika. Halafu mtu mwenye akili abandike kilo za watoto mlangoni na asione kosa hadi aulizwe mara tatu? Hii ni hadithi ya kutuchosha. Mleta mada atuambie ukweli.

Kocha Mstaafu
Hata mimi nilianza kuwa na wasiwasi. Kila akibanwa linatoka jipya.

Mwalimu wa Zamu
Linatoka jipya kwa sababu naona aibu.

Haikuwa siku moja, zilikuwa nne. Mizani ni ya bafuni, niliitoa nyumbani. Urefu niliuchora kwa chaki ukutani kwenye chumba cha vitabu. Waliingia kwa foleni, viatu mkononi. Kuna kijana mdogo alipanda, nikasikia kitu kinagonga, kumbe alijaza kokoto mifukoni ili awe mzito. Nilicheka, naye akacheka.

Yule binti alipofika alivua sweta. Akavua na vibanio vya nywele, kimoja kimoja, akavishika. Akapanda, akatazama chini, akashuka. Akafikiria kidogo, akampa mwenzake vile vibanio, akapanda tena. Mimi nilikuwa naandika. Nilimwambia "haraka, wenzako wanasubiri." Hayo ndiyo maneno pekee niliyomwambia siku ile.

Sidanganyiki
Naomba radhi, mwalimu. Orodha bado ziko milangoni?

Mwalimu wa Zamu
Nimezitoa leo jioni, madarasa yote. Barua bado ziko kabatini. Nimefungua ishirini za juu, kumi na saba zinasema mwembamba. Sijui nitamweleza nini mwalimu mkuu kuhusu gharama.

Mjumbe wa Bodi
Mwambie kama ulivyotuambia sisi, na uende na ratiba mpya mkononi: mchezo kabla ya chakula, maji ya kunywa, duka libaki hivyo hivyo. Barua zisitoke. Karatasi tutatumia upande wa pili.

Mpishi wa Mia Nne
Na mpishi wenu mshirikishe. Yeye ndiye aliyeona sahani ya yule binti kila siku, au aliona haipo.

Muuguzi wa Watoto
Ratiba isubiri. Mtoto amekaa wiki tatu bila kula vizuri na amezirai. Hilo ni la daktari, wiki hii, na mama yake lazima aambiwe sababu. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe. Omba radhi kwanza, kabla hujataja chakula. Mweleze kuhusu mlango. Mwambie vipimo vya binti yake ni vya mtoto mzima. Na binti akiwepo, asipandishwe tena kwenye mizani mbele yako.

Mwalimu wa Zamu
Nimempigia sasa hivi. Hakuwa anajua kuhusu orodha, alidhani ni homa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema niende kesho saa kumi jioni.