Gazeti la chuo limegeuka albamu ya mgeni rasmi, nimechoka!

Wakuu, salamu baadaye. Mods naomba msiunganishe uzi huu na zile nyuzi za mikopo, hili ni jingine kabisa.

Niko mwaka wa tatu, nasomea uandishi wa habari kwenye chuo ambacho sikitaji kwa sababu cheti changu bado wanacho wao. Muhula uliopita hosteli yetu ilikaa siku tisa bila maji. Siku TISA. Mlango wa choo ghorofa ya tatu ulifungwa kwa kamba, na hapo ni hosteli ambayo watu wanabebana wawili wawili kitandani. Vijana wa bodaboda wakawa wanatuuzia maji, ndoo moja Sh 500.

Mimi na mwenzangu tukaandika habari. Hatukumtukana mtu. Tuliongea na wanafunzi kumi na wanne, tukapiga hesabu: pesa ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni Sh 10,000 kwa siku (ilikuwa 8,500, ikapanda 2022), ndoo tatu tu zinakula 1,500. Na bumu lenyewe, yaani hiyo pesa ya mkopo, lilikuwa limechelewa, watu wanakopa maji kwa namba ya chumba. Tukapeleka maswali ofisi ya mshauri wa wanafunzi, tukangoja siku mbili. Kimya.

Kichwa chetu kilikuwa "Siku tisa bila maji". Habari ikatoka imeandikwa "Chuo chaendelea kuboresha huduma ya maji". Wanafunzi wote nje, ndoo nje, hesabu nje. Ndani kuna maneno ya afisa ambaye hatujawahi hata kumpa mkono! Ila majina yetu wakayaacha palepale juu. Kesho yake nakutana na jamaa wa jirani kwenye ngazi, kashika ndoo tupu, ananiambia, "Mwandishi, hayo maji yaliyoboreshwa yako wapi, tukachote?" Sikuwa na jibu.

Nikaenda kwa mlezi wa gazeti. Swali lake la kwanza: "Kijana, wewe una ithibati?" Sawa, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hiyo, nimeisoma. Lakini hili si gazeti la mafunzo? Mbona mwezi wa sita tulipopangiwa kuandika bajeti kuu iliyosomwa Dodoma hakuna aliyeniuliza ithibati? Matrilioni ya nchi ruksa, ndoo ya mia tano marufuku! Akamalizia kwa kunionea huruma eti niangalie nisije nikadisko, yaani nikaondolewa chuo. Nidisko kwa sababu ya maji?

Kinachonichefua zaidi, darasani haohao wanatufundisha habari za Cheche, jarida la wanafunzi wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) lililoanza 1969 na kupigwa marufuku mwaka uliofuata. Wale vijana walijadili matabaka na njia ya Ujamaa wakati Mwalimu mwenyewe yuko Ikulu. Mmoja wa wahariri wake, Zakia Meghji, baadaye akawa waziri wa fedha. Kwenye mtihani ukiandika kwamba walikuwa majasiri unapata alama zote. Ukitoka chumba cha mtihani ukajaribu kuwa kama wao, unaitwa ofisini.

Na ninyi wenzangu wa kamati ya uhariri mliojifanya mnachati wakati habari inachinjwa, mkilinda nafasi za field (mafunzo kwa vitendo), nawaona.

Msije kuniambia nifungue blogu. Kutoa habari mtandaoni kunataka leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na mimi ndoo tu nilikopa.

Toleo jipya limetoka Ijumaa. Kurasa kumi na mbili, picha za mgeni rasmi nane, nimezihesabu. Moja anakata utepe. Moja anapanda mti. Nyingine anaumwagilia, tena kwa kopo kubwa, maji yanafurika hadi kwenye viatu. Mahali penyewe ni mbele ya hosteli yetu. Mwenye kujua yale maji yalitoka bomba gani anijibu hapa.